Siku Niliyopakia Bila Kuita

Juzi juzi nilisafiri kwenda Mwanza kumwona mjukuu wangu aliyejifungua. Pale gatini Bukoba nikamkuta binti amevaa kizibao kinachong'aa, mkononi ana kimashine. Akaichukua tiketi yangu, akaielekezea kile kimashine, kikalia tii.

“Pita, bibi.”

Nikasimama.

“Bibi, pita, watu wanasubiri.”

“Hujaniita.”

“Mashine imeshakusoma, bibi.”

“Imesoma karatasi. Mimi niko huku.”

Nyuma yangu kijana mmoja mwenye mabegi matatu akapumua kwa nguvu. “Mawe, mama yangu! Huyu anataka apigiwe ngoma ndiyo apande.” Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini sikusogea. Yule binti ana hekima, Mungu ambariki. Akaigeuza tiketi, akasoma kwa sauti: “Paskazia.” Nikajibu, “Nipo,” nikapita.

Meli ilipotulia akaja kukaa karibu yangu akauliza, “Bibi, ile ilikuwa nini?” Jina lake Joanitha, baba yake ni wa Muleba. Nikamwambia hadithi yenyewe si fupi, nitaiandika. Basi ndiyo hii, Joanitha, soma na wenzako wa vizibao. Mimi shule niliishia darasa la pili, kusoma nikamalizia kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa tayari mama wa watoto wanne. Mwandiko wangu msiucheke. Kichwani ndiko nilikoandika vizuri.

Nimefanya kazi ya ndizi majini tangu nikiwa msichana. Bukoba kwanza, halafu Kemondo. Baba yangu alibeba magunia ya kahawa kutoka maghalani kwenda melini mpaka shingo yake ikazama mabegani. Wakati huo mtu wa Kashozi, mtu wa Rubafu, mtu wa Kamachumu, wote mashamba yao yalikuwa yanatazama ziwa. Kahawa ilitoka kwa maji, nguo ziliingia kwa maji, hata kengele za makanisa zilikuja kwa maji. Barabara ilikuwa ya kuendea msibani.

Kemondo mimi niliijua ikiwa mitumbwi na migomba tu. Kisha wakajenga gati, wakalaza reli juu yake, ikaja meli imebeba mabehewa ya treni tumboni. Wazee walishuka kutoka Muleba kwa miguu kuja kuangalia. Sisi ambao treni haijawahi kukanyaga kwetu, behewa tuliliona likitoka ziwani! Kwetu mwanaume wa heshima anaitwa Ta, mwanamke Ma. Ta Mathias, mzee mwenye utani, akasema sasa bado ng'ombe nao waanze kuanguka na mvua. Zile reli zikumbukeni, nitazirudia.

Meli kubwa zilikuwa na makarani. Sisi wa boti za mbao zilizokwenda visiwani, Bumbire na kwingineko, hatukuwa na karani wa maana. Tulikuwa na mafundo. Wavuvi wa visiwani wanavua samaki lakini migomba hawana, kwa hiyo akina mama wa huku juu walishuka na mikungu yao, wakapanda boti, wakauza kule, wakarudi na samaki wakavu. Kila nyumba ilikuwa na fundo lake, limefungwa kwa kamba ya mgomba kwenye kikonyo cha mkungu. Wa Rubafu walipenda mafundo makubwa ya kujionyesha. Nyumba ya Yustina wa Kashozi fundo lao lilikuwa na mikia miwili, mmoja mrefu mmoja mfupi, kama masikio ya mbwa aliyepigana. Ukinionyesha leo nitakutajia mwenyewe, na mama yake, na aliolewa wapi.

Aliyenifundisha ni Ta Laurenti, naye wa Kashozi, mkubwa wa wapakiaji. Alinifundisha mkungu unalazwa juu ya majani makavu, vikonyo vitazame upande mmoja, mizito ikae katikati, na kamwe usiweke ndizi karibu na injini. Hilo la mwisho nililisikia kwa sikio moja. Mzigo wangu wa kwanza niliupanga vizuri karibu na injini, ulivyofika Bumbire ulikuwa umeiva wote. Wavuvi wakala ndizi mbivu wiki nzima, wakaniletea salamu ambazo siwezi kuziandika mbele ya wajukuu. Utomvu nao, ukidondokea gauni, hilo gauni ni la kazi mpaka lichakae, msihangaike na sabuni.

Lakini kubwa lilikuwa kuita. Mkungu ukivuka ubavu wa boti, mpakiaji anaita mwenye mkungu kwa sauti yote: “Kokugonza wa Rubafu!” Naye akiwa ndani ya boti anaitika, “Nipo!” Kama amemtuma jirani, jirani anaitika, “Amebaki!” Asipoitika mtu, boti haifunguliwi. Siku zangu za kwanza niliona aibu kupiga kelele, nikaita, “Fundo la masikio ya mbwa!” Ta Laurenti akanishusha na mkungu wangu mpaka mchangani.

“Wewe mtoto, fundo lina mama?”

“Hapana, Ta.”

“Likizama, nani atalilia?”

“Hakuna, waitu,” nikajibu kwa heshima.

“Basi ita mwenye mama.”

Sauti ya kuita ilipanda mpaka kwenye nyumba za mlimani. Watu waliokuwa wamekwenda kusalimia ndugu, au kunywa uji, walikuwa wanakaa wametulia. Kemondo hakuna aliyekimbilia boti kabla ya kusikia majina yameanza.

Sasa niwaambie siku yenyewe.

Ta Laurenti alikuwa ameshatangulia mbele za haki, na mimi ndiye niliyekuwa mwitaji. Sifa nilikuwa nazo, na sifa zilinipenda. Boti ilikuwa ya Ta Festo, mtu mzuri, mwenye haraka. Mchana ulikuwa haujafika, mikungu imeshashushwa ufukweni, na nyuma ya Bumbire kukasimama wingu jeusi lenye ukingo mweupe. Manyunyu yakaanza. Abiria wakapanda upesi upesi, wakajifunika turubai, hukujua kichwa kipi ni cha nani.

Nikashika mkungu wa kwanza, nikavuta pumzi ya kuita. Festo akanikatiza.

“Ma Paskazia, leo usituimbie. Wingu lile linakuja na miguu yake. Pakia tu.”

“Bila kuita, Ta Festo?”

“Mafundo si unayajua? Watu si unawajua? Au mpaka wakuitikie ndiyo uyaamini macho yako?”

Mmoja wa wabebaji akasema, “Kichwa cha Ma Paskazia ni daftari.” Wengine wakaitikia, ndiyo, ni daftari. Nami nikavimba kama maandazi. Nikapakia kimya. Niliyatazama mafundo tu, moja moja, nikahesabu wenyewe moyoni: watu kumi na wanne. Mikungu mitatu ilikuwa na masikio ya mbwa. Nikasema moyoni, Yustina, tayari.

Boti ikaondoka.

Sauti ya injini ni kitu usichokisikia mpaka ikome. Ilikoma walipopita miamba ya mdomo wa ghuba. Tulikuwa gatini, tukageuka wote kwa pamoja. Upepo ulikuwa umefika. Boti ikazungushwa, ikayapa mawimbi ubavu, wimbi la kwanza likaingia, la pili likaingia, la tatu sikuliona kwa sababu kulikuwa hakuna tena boti ya kuingiwa.

Mitumbwi mitatu ikasukumwa majini. Mmoja ulikuwa wa mume wangu, Elias, yeye na jirani yetu Deo. Elias alikuwa mtu wa maneno machache, Mlutheri wa Kibeta, hata ugomvi aliugomba kwa ufupi. Alipita mbele yangu na kasia bila kunitazama.

Ziwa likarudisha mikungu kabla ya watu. Ilikuja inaelea, inagongana, mafundo yametazama juu. Nilisimama maji ya magoti nikiyasoma yale mafundo kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

Halafu watu wakaanza kuletwa. Wawili, wanne, watatu. Ta Mathias akashushwa akiwa bado ameng'ang'ania kofia yake. Kokugonza wa Rubafu akashushwa anatapika maji. Festo mwenyewe akaletwa, kidaftari chake mfukoni kimekuwa uji. Elias na Deo wakarudi na wa mwisho wao. Nilikuwa nakunja vidole: abiria kumi na watatu.

Elias hakushuka. Aliushikilia mtumbwi kwa kasia.

“Paska, wamebaki wangapi?”

“Mmoja. Yustina wa Kashozi.”

Wale wa mitumbwi mingine miwili walikuwa tayari wanavuta mitumbwi yao nchi kavu. Mmoja akasema ziwa limekataa, anayerudi kule anakwenda kuwafuata waliokufa. Elias akalitazama ziwa, akanitazama mimi.

“Ulimwita?”

“Fundo lake nililiona. Mikungu mitatu.”

“Sikuulizi mikungu. Yustina aliitika?”

Pale ufukweni walikuwa wamesimama wote, wabebaji walioniita daftari, akina mama wa sokoni, ndugu wa Yustina wawili waliofika na mizigo yao kutoka Kashozi baada ya boti kuondoka. Wote wananitazama mdomo. Ningeweza kusema sikumwita. Ningeweza kusema sijui. Kwa aibu, mdomo ukasema:

“Yumo.”

Elias akageuza mtumbwi.

Ndugu wa Yustina wakaanza kulia. Mimi nikamwendea Kokugonza, nikamtikisa. “Kule chini ya turubai, Yustina ulimwona?”

“Nadhani alikuwa nyuma yangu. Nilisikia magoti mgongoni.”

Ta Mathias, meno yanagongana, akasema, “Hayo yalikuwa magoti yangu.”

“Ulimwona Yustina wewe?”

“Mimi nilikuwa naliona turubai, Ma Paskazia.”

Nikamwendea Festo. Amelala ubavu, macho mekundu. “Festo, bojo, tafadhali, niambie. Yustina alipanda?” Akanitazama kwa mshangao kweli kweli. “Unaniuliza mimi? Majina si unayo wewe?”

Nikageukia ziwa. Elias na Deo walikuwa wanapotea na kuonekana katikati ya mawimbi, wanapotea na kuonekana. Kama Yustina yumo na mimi nikapiga kelele warudi, nimemuua. Kama hayumo na nikanyamaza, nimemuua Elias, na Deo juu yake. Na mtu pekee katika dunia hii aliyepaswa kujua lipi ni lipi alikuwa mimi, na nilikuwa sijui, kwa sababu ya kusifiwa.

Mama yake Deo akaja akasimama pembeni yangu. Hakuniuliza. Alinishika tu mkono juu ya kiwiko, akaukaza. Mpaka leo pale mahali napajua.

Ikapita saa nzima. Mtumbwi ukapotea nyuma ya miamba, safari hii haukuonekana tena. Mvua ikaja, ikapita, ikaacha upepo peke yake. Ilikuwa saa nane hivi.

Ndipo nikasikia makelele kutoka juu, kwenye njia ya kutoka kijijini.

“Festo! Festo mwizi we! Mikungu yangu umebeba, mimi umeniacha! Uko wapi?”

Anashuka mbio, jani la mgomba kichwani kama mwavuli, viatu mkononi. Yustina wa Kashozi, mzima, mkavu kuliko sisi wote.

Ndugu yake aliyekuwa analia akanyamaza katikati ya kilio. Kokugonza akaanguka chini. Yustina akasimama, akatutazama mmoja mmoja.

“Mbona mnanitazama hivyo? Nimekufa?”

Ndugu yake mmoja akaja akamgusa bega, kama anayehakikisha.

“Nilikuwa kwa shangazi pale juu,” akasema, sauti sasa imeshuka. “Mikungu nimeiacha hapa, nikasema wakianza kuita nitasikia, jina la tatu nashuka. Nikasikia mvua kwenye bati. Hakuna anayeita. Usingizi ukanichukua. Ma Paskazia, leo hamkuita?”

Nilikuwa nakimbilia gatini.

Kumwita mtu aliye upande upepo unakotoka ni bure, sauti inarudi mdomoni kwako. Nikaokota kipande cha chuma, nikaanza kupiga ile reli ya mabehewa. Chuma kwa chuma kinapita kwenye upepo. Nikapiga. Festo akajikokota akaja na nyundo, akapiga. Wabebaji wakaja. Yustina, alipokwisha kuambiwa nani yuko kule na anamtafuta nani, alirusha viatu vyake, akachukua jiwe, akapiga mpaka likavunjika, akachukua jingine. Halafu akavua kanga ya pili, akaenda ncha ya gati akaanza kuipunga, yule mtu aliyetafutwa anawapungia wanaomtafuta.

Tukapiga mpaka mikono ikafa ganzi. Hakuna kitu. Miamba tu na povu.

Mama yake Deo ndiye aliyeona kwanza. Akasema polepole, “Mmoja.” Tukatazama. Mtumbwi ulikuwa umetokeza, na ndani yake amekaa mtu mmoja tu, anapiga kasia.

Sikuweza kumtambua. Nawaambia kweli, nilisimama pale, mke wa mtu, nikiomba Mungu na sijui niombe nini, maana nikiomba awe wangu namwomba asiwe wa mwanamke aliyenishika mkono. Sikuomba kitu. Nilihesabu mapigo ya kasia.

Alikuwa Deo. Mama yake akapiga magoti. Mimi nikabaki nimesimama mpaka mtumbwi ulipogusa mchanga, na ndani, chini, amelala Elias, macho wazi, shati limeviringishwa mkono wa kulia, na maji ya chini ya mtumbwi yamekuwa mekundu.

Waliona nguo imenasa kwenye miamba. Elias akainyooshea mkono, wimbi likainua mtumbwi likaubwaga juu ya mkono wake. Nguo yenyewe ilikuwa lile turubai. Mkono ule haukushika kasia tena maisha yake yote, jembe aliliongoza kwa kushoto, na kikombe cha chai nilimwekea upande wa kushoto miaka yote tuliyobaki nayo.

Tukamkalisha mchangani. Mtu alikuwa ameshakwenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Elias akainua macho akawaona watu, na katikati ya watu akamwona Yustina ameshika kanga mbichi. Sauti ya Elias ilikuwa imekauka kabisa.

“Ma Yustina. Tumekuita huko mpaka koo zimechanika. Mbona hukuitika?”

Yustina alinitazama mimi. Wote wakanitazama mimi, kama ile saa ya mchana.

“Hakuitwa,” nikasema. “Sikuita mtu yeyote leo. Uliponiuliza niliona aibu, nikasema yumo.”

Nilingoja anitukane. Ningefurahi. Deo aligeuza uso pembeni. Elias akaukumbatia mkono wake, akafumba macho, akafumbua.

“Basi ita.”

“Elias, damu inakutoka, gari linakuja…”

“Ita, Paska.”

Nikasimama. Mikungu imetapakaa ufukwe mzima, upepo umeanza kulegea. Nikavuta pumzi kama alivyonifundisha Ta Laurenti, kutoka chini ya tumbo.

“Kokugonza wa Rubafu!”

“Nipo.”

“Mathias wa Kamachumu!”

“Nipo, na kofia yangu.”

Hakuna aliyecheka. Nikaita wote kumi na watatu, kila mmoja kwa jina na kwao, na wote waliitika, wengine kwa kilio. Nikamwita Festo, akaitika amejifunika uso. Nikamwita Yustina wa Kashozi, akaitika kwa sauti kubwa hata mlimani wakasikia. Nikamwita Deo. Alichelewa, lakini aliitika.

“Elias wa Kibeta!”

Akakaa kimya. Nilimwona ananitazama, najua alinisikia. Nikasimama na jina lake mdomoni, mbele ya watu wote wale, kwa muda ambao hata leo siwezi kuupima.

Kisha akaitika.